Mke wa Lweba

Sauti ilitangulia. Ilikuwa sauti ya mwanamke iliyopita ndani ya megafoni ikatoka na mikwaruzo, ikapanda juu ya kelele zote za soko la Baraka, juu ya wauza ndakala, wale dagaa wa ziwani, juu ya wapakuzi wa muhogo na pikipiki zilizopiga honi bila sababu.

"Maneno mawili ya Kiingereza," ilisema. "Yanafanana kama mapacha, lakini kila moja iko na nyumba yake. Nani ananipa sentensi?"

Déogratias alikuwa ameinama kwenye kibanda cha vipuri akichagua buji, plagi ya moteri ya mtumbwi. Aliinua kichwa. Aliona kwanza ubao mweusi ulioegemezwa kwenye magunia, kisha mkono wenye chaki, kisha mwenye mkono. Alivaa kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, kimembana kiunoni na kumwachia nafasi ya kutembea. Nywele zilisukwa mistari membamba hadi kisogoni. Baraka ina wasichana wazuri, asikudanganye mtu, lakini huyu alisimama kama anayeidai dunia jibu, na dunia imechelewa.

Ubaoni aliandika "lose" na "loose". Vijana wawili waliovaa mashati ya ofisi walijaribu, wakayachanganya, watu wakacheka. Déo akasogea na buji yake mkononi. Kiingereza alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa miaka sita, kwenye vitabu vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya moteri za mitumbwi. Hakuna fundi pwani yote ya Baraka aliyevisoma. Wengine waliwashia moto.

Alisema kwa Kiingereza kwamba nati moja ya moteri aliyokuwa akiitengeneza imelegea, na akiipoteza ziwani, watu ishirini watarudi kwa makasia. Kulegea likakaa mahali pake, kupoteza mahali pake.

Msichana alishusha megafoni. "Ni ya kweli, ama umetunga?"

"Kweli gani tena? Sentensi iko sawa."

"Nati iko wapi?"

Déo alitia mkono mfukoni, akatoa nati nyeusi kwa mafuta, akaiweka juu ya kiganja cha msichana, cheupe kwa chaki. Msichana aliitazama nati, akamtazama yeye, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mi naitwa Émilienne. Umeshinda mwezi mmoja wa masomo. Na umenichafulia mukono."

"Mukono nitausafisha, mwalimu. Masomo sijui kama nayahitaji."

"Ndiyo maana unayahitaji," alisema Émilienne, akamgeukia mtu mwingine.

Darasa lake lilikuwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, Jumanne na Jumamosi saa tisa. Walikuja wapakuzi wa bandarini, wauguzi, bamama wa soko waliowauzia wageni vitambaa, na Lionel, kijana aliyesoma Bukavu, mwenye koti la kijivu na viatu vilivyong'aa hata siku za matope. Walikuwa kama arobaini, na wote walifuata sheria moja tu. Émilienne alikulia kambini Tanzania, alikokimbilia na mama yake angali mtoto wa mgongoni, na mwalimu wao kule, mzee kutoka Burundi, hakuwa na kitabu hata kimoja. Alichowaambia ni kwamba kila sentensi itoke katika maisha ya anayeisema, kwa sababu neno lililopita katika jambo la kweli halisahauliki. Kwa hiyo katika darasa la Émilienne hakuna aliyetunga. Ukitunga, wenzako wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, polepole, mpaka ukae. Na wakinyamaza, ulichosema kimepokelewa kuwa ni kweli, kama ushahidi.

Déo alikwenda mara ya kwanza kwa kiburi, mara ya pili kwa udadisi, na kuanzia mara ya tatu hakujidanganya tena juu ya sababu. Alianza kuoga kwa sabuni mbili ili kuondoa harufu ya petroli. Alinunua shati la buluu lenye kola ngumu. Siku moja Émilienne aliwafundisha kwamba Waingereza, pale sisi tunaposema "kuazima" tu, wana neno moja la anayetoa na jingine la anayepokea, akamwomba Déo sentensi. Déo akasema kwamba Jumanne iliyopita mwalimu alimwazima mwavuli, naye aliuazima, na hataurudisha mpaka mvua iishe wilaya nzima ya Fizi. Hakuna aliyegonga meza. Darasa lote liliujua mwavuli huo.

Jioni walipigiana simu. Kila mmoja alimdai mwenzake sentensi moja kabla ya kuagana.

"Leo unanipa maneno gani, mwalimu?"

"Beside na besides."

Déo alifikiri, moteri za mitumbwi zikinguruma nyuma yake. Kisha akamwambia kwa Kiingereza kwamba Jumamosi alikaa kando yake kwenye benchi, na kwamba zaidi ya yeye hakumwona mtu mwingine humo chumbani.

Déo alibana simu sikioni.

"Émilienne? Unagonga meza?"

"Hapana. Natafuta kosa. Sipati."

Juma hilohilo Déo alimtumia ubeti kwa ujumbe wa simu, kwa maana alikuwa pia mtunzi wa mashairi, na hilo nalo alijifundisha mwenyewe:

Fundi nafunga mashine, zikilia nazijua,
Huu moyo ni mwingine, fundi umemsumbua,
Sema neno tupatane, mlango utafungua,
Tuahidi tuonane, asubuhi kwenye jua.

Émilienne alipiga simu papo hapo. "Ubeti ni muzuri, fundi wangu. Lakini asubuhi niko na nguo za kufua."

"Basi nitakuja kufua."

Alikuja kweli, akafua, na mama yake Émilienne, Mama Marthe, akamwona akikamua shuka uani. Alimpa kiti na sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, naye akaketi kumtazama jinsi anavyokula. Marthe alikuwa amemlea binti yake peke yake, mikono yake mitupu, katika nchi ya watu, na hakuwa mtu wa kumpa yeyote kwa sababu ya shuka moja. Lakini mwezi haukuisha kabla hajamtajia Déo Jumapili ya kuleta wakubwa wake kujitambulisha. Ilikuwa mbele kwa majuma sita. Déo alirudi bandarini akiimba, na moteri alizozigusa siku ile zote ziliwaka kwa mvuto wa kwanza wa kamba.

Zikiwa zimebaki siku kumi na saba, darasa lilifanya sherehe ya mwaka wake wa kwanza. Ilikuwa Alhamisi. Wazazi walialikwa, mchungaji akaja, viongozi wa bandari wakaja, na Marthe alikaa mbele kabisa, kitenge kipya magotini, kwa maana Kiingereza alikisikia vizuri tangu kambini. Asubuhi ile, wakipanga viti, Lionel alisema mbele ya wote kwamba fundi naye atuambie leo habari za nati na buji, kwa sababu maisha yake hayana kitu kingine. Watu walicheka. Hakukuwa na ubaya mwingi katika kicheko kile, ila Déo alikisikia mpaka mifupani.

Zamu yake ilipofika alipewa "desert" na "dessert", yaani kumtelekeza mtu, na kitamu kinacholiwa baada ya chakula. Alikuwa na sentensi ya kweli tayari, ndogo, ya mtumbwi na ndizi. Akaiacha. Alivuta shati lake la buluu, akatamka kwa Kiingereza kirefu, kilichotiririka kama maji ya mto Mutambala wakati wa masika, kwamba hatamtelekeza kamwe mke wake wa Lweba, hata wakimpa vitamu vya mezani kila siku ya maisha yake.

Mchungaji alipiga makofi. Viongozi wa bandari, ambao hawakuelewa, walipiga zaidi. Déo aliinama kama waziri. Na wanadarasa walinyamaza, kwa sababu Déo ni mtu wa Lweba, kijiji kingine cha pwani, hakuna aliyeijua nyumba yake ya kule, na hawakuwa na haki ya kugonga. Ushahidi ukapokelewa.

Alipoinua uso alimwona Marthe akifunga pochi yake. Émilienne alisimama kando ya ubao na chaki imekatika mkononi.

Déo alimpigia jioni ile, naye Émilienne alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Yule wa Lweba ni nani?"

"Haiko muntu, chérie. Ni mufano tu."

"Mu darasa yangu hakuna mufano."

"Basi ni bongo. Uongo kidogo ya Kiingereza, sababu ya yule Lionel."

"Chagua, Déo. Ama umeoa bibi, ama umesema bongo mbele ya mama yangu na kanisa yote. Ya tatu haiko."

Angeweza kuomba msamaha hapo, na hadithi hii ingekuwa fupi. Badala yake damu ilimpanda.

"Mi siko mutoto wa kupimwa na meza," alisema, akakata simu.

Kesho yake hakupiga. Keshokutwa hakupiga. Jumamosi hakwenda darasani. Kila alipoishika simu, kiburi kilimwambia kwamba mwanaume haulizwi mara mbili, naye alikiamini, maana kilikuwa kiburi chake mwenyewe na hakikuwahi kumwacha na njaa.

Baraka haikunyamaza. Nahodha mmoja alimpa kifungu cha samaki wakavu na kumwambia ampelekee mama wa watoto. Mchungaji alimsimamisha njiani kumwuliza lini atamleta mama huyo tumwone. Muuza vitenge alimwonyesha pagne ya zambarau, akasema rangi hiyo wanaipenda sana bamama wa Lweba. Halafu simu ikatoka Lweba yenyewe. Ilikuwa ya mama yake mzazi, Anastasie, anayeanika ndakala kwenye mchanga wa kule tangu Déo hajazaliwa.

"Nasikia niko na mukwe hapa," alisema. "Mbona haniletei maji?"

Déo alinung'unika.

"Muambie ndakala zangu zimejaa, aje tuanike naye. Ama anaogopa jua?"

Alipomaliza kucheka, Anastasie alimshauri aende kwa Émilienne siku ileile, akae chini, aombe msamaha. Déo alimjibu kwamba hawezi kupiga magoti kwa sababu ya neno moja. Mama yake alimwambia kwamba magoti yake si ya dhahabu, aliyazaa yeye, anayajua.

Hakwenda. Kilichomwamsha ni habari iliyoletwa bandarini na mwanafunzi mwenzake: Marthe ameifuta Jumapili ya Déo na kuwapa watu wa Lionel waje kumposa binti yake. Siku ileile. Émilienne hajasema ndiyo, alisema mleta habari, lakini hajasema hapana pia, na koti la kijivu limeshapelekwa kupigwa pasi.

Déo alifunga sanduku la vyuma vyake. Alipanda pikipiki kwenda Fizi juu milimani, kwenye barabara nyekundu inayopinda kama mtu anayekwepa swali, akakaa kwenye benchi la ofisi ya serikali kuanzia asubuhi mpaka saa nane, akapata karatasi yenye muhuri inayosema kwamba Déogratias, mzaliwa wa Lweba, fundi, hajaoa. Aliiweka kifuani ndani ya nailoni. Alishuka nayo akiona ushindi umeiva. Nani atabishana na muhuri?

Ilikuwa Alhamisi, wiki mbili kamili tangu sherehe. Alimkuta Émilienne mlangoni kwao akichambua mchele kwenye ungo, kitambaa cheupe kichwani, macho yake mazito. Alimpa karatasi bila salamu. Émilienne aliisoma yote, hata tarehe.

"Inasema hauna bibi."

"Ndiyo. Umeona."

"Basi ulisema bongo." Alimrudishia. "Hii ndiyo umeleta? Umepanda mpaka Fizi kutafuta muhuri ya bongo yako?"

Déo aliikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Bibi wa Lweba hakuninyima usingizi, Déo. Nilijua siku ya pili haiko. Nilimupigia mama yako mwenyewe." Aliweka ungo chini. "Ulinikatia simu. Wiki mbili. Bantu wanaulizana barabarani kama nilikuwa wa pembeni, na we uko pale unafunga moteri. Niolewe na we ya nini, kama kila ukiona haya unakimbia?"

Hapo ndipo kiburi chake kilipomwacha. Kiliondoka kama hewa kwenye mpira, na alichobaki nacho kilikuwa yeye mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye karatasi isiyo na kazi.

"Nifanye nini?" aliuliza, taratibu.

"Jumamosi. Utasimama. Mi nitachagua maneno, darasa litasikiliza. Mama atakuwa pale. Ukigongwa, hautakaa. Utasema tena mpaka iwe ya kweli."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kufanyiwa hivyo. Waliogongwa walikaa, mambo yakaisha. Habari ilizunguka soko lote, na Jumamosi chumba kilijaa mpaka madirishani. Lionel alikaa kiti cha mbele, koti limepigwa pasi. Marthe alikaa nyuma, pochi juu ya magoti. Déo aliingia na shati la kazini, lenye doa la mafuta kwenye mfuko. Hili nalo alilichagua.

Émilienne hakumtazama. Aliandika "quiet" na "quite".

Déo alisema kwamba kwa wiki mbili simu yake imekuwa kimya, na kwamba yeye si mtu kamili. Meza zilinyamaza.

Aliandika "advice" na "advise". Déo alisema mama yake alimshauri mapema kuomba msamaha, na ushauri huo aliukataa kwa sababu ulikuwa mzuri na haukutoka kwake. Bamama wa soko waliguna. Hakuna aliyegonga.

Aliandika "accept" na "except", kukubali na isipokuwa. Déo alisema yuko tayari kukubali Émilienne aolewe na mwanaume yeyote, isipokuwa Lionel.

Mama mmoja muuza mawese aligonga meza. Wa pili akafuata, halafu wote, ngo, ngo, ngo, polepole, na hata Lionel aligonga, huku akicheka. Déo alisimama palepale. Jasho lilimshuka shingoni. Mlango ulikuwa wazi upande wake wa kulia, na kila mtu chumbani aliutazama kuona kama atautumia.

Hakuutumia. Alingoja mpaka vidole vichoke.

"Nasema tena," alisema. Kisha kwa Kiingereza, bila madaha, neno baada ya neno: anaweza kukubali yote, kugongwa, kuchekwa, kupoteza kazi, yote isipokuwa Émilienne kuolewa na mtu mwingine.

Chumba kilitulia kabisa.

"Mupe yale ya sherehe," alisema Lionel, na hakukuwa tena na dharau ndani ya sauti yake.

Émilienne alisita. Aliyaandika yale mawili. Déo aliyasoma. Alisema kwamba hajawahi kula hicho kitamu cha mezani maishani mwake, alilipenda neno tu. Na kwamba Lweba hakuna mke wa kumtelekeza. Katika maisha yake amemtelekeza mtu mmoja, kwa siku kumi na nne, naye amesimama hapo na chaki mkononi.

Waliokuwa madirishani waliuliza amesema nini, wakatafsiriwa, na kutoka dirishani hadi barabarani sentensi ile ilipita mdomo kwa mdomo, na popote ilipopita hakuna mtu aliyepata kitu cha kugonga.

Lionel aliinuka. Alijifunga kifungo cha koti, akampa Déo mkono, akasema kwa Kifaransa safi cha Bukavu kwamba hakuna haja ya watu wake kujisumbua kesho. Alitoka kichwa juu, na tumpe haki yake, alitoka kama muungwana.

Émilienne aliweka chaki chini. "Mama," alisema, na hakutumia megafoni wala hakuihitaji, "Jumapili ya kesho ni ya Déo."

Vigelegele vililipuka. Bamama wa soko walipanda juu ya mabenchi, vitenge vyao vikipepea, mpakuzi mmoja akapiga ngoma kwenye mlango, na Émilienne alikuja akasimama mbele ya fundi wake akalia na kucheka pamoja, akampangusia jasho kwa ncha ya kitambaa chake. "Nilikukosa sana, mujinga wangu," alimwambia chinichini. "Usinifanyie hivi tena." Déo alimshika mikono yote miwili, chaki kwa mafuta.

Marthe alikuja mbele polepole na watu wakampisha, vigelegele vikafa kimoja kimoja. Alimtazama Déo kama alivyomtazama siku ile ya bukari.

"Kiingereza nimesikia," alisema. "Sasa unijibu na Kiswahili, mutoto wangu. Kesho ukikasirika tena, mu nyumba yenu, itakuwaje? Huyu nilimubeba mu mugongo mpaka ng'ambo. Sitaki aachwe na muntu aliye hai."

Déo angeweza kusema hatakasirika tena maishani. Neno hilo lilimfika mdomoni, tamu, la uongo, akalirudisha. Alivua kofia yake.

"Mama, kukasirika nitakasirika. Mi niko muntu wa hasira, hiyo siwezi kukuficha. Lakini nakuahidi hapa, mbele ya bantu hawa wote: hasira yangu haitavuka mulango. Nitakasirika palepale mbele yake, nikae, niseme, nisikie, mpaka tuelewane, hata kama ni siku tatu bila kula. Kutoka nitatoka kwenda kazi, na jioni nitarudi. Mutoto wako hatanitafuta tena. Naahidi, Mama."